Kusafisha mtutu wa bunduki ya shabaha ya mezani, hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Nisafishe baada ya risasi ngapi? Brashi ipite mara ngapi? Mbona kitambaa hakiachi kutoka na buluu? Na lile linaloulizwa kwa uchungu zaidi: bunduki jana ilikuwa inapiga tundu moja, nimeisafisha usiku, leo inatawanya. Kwa nini?

Mwongozo huu ni wako ikiwa una bunduki ya boliti (komeo la mkono linalofunga nyuma ya mtutu) ya kulengea shabaha ukiwa umeketi mezani, bunduki imelala juu ya kiegemeo cha mbele na mfuko wa mchanga nyuma. Unafaa kwa bunduki ya .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22) inayopiga vichwa vya madini ya risasi, na kwa bunduki za kasi kubwa kama za 6 PPC, aina ya risasi ambayo Wamarekani Louis Palmisano na Ferris Pindell waliibuni katika miaka ya 1970 na ambayo hadi leo inatawala mezani. Tofauti za aina hizo mbili nitazitaja zikifika. Kuchonga chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), kukata mdomo (ncha ya mbele ya mtutu) upya au kufunga mtutu mpya hakumo humu. Hizo ni kazi za fundi mwenye leseni, mashine ya kukerezea na vipimo vyake.

Nadharia ni moja tu, nayo ni fupi. Mezani tunapima kundi la risasi tano kwa umbali kati ya vituo vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Mwaka 1973 mpiga shabaha Mac McMillan alipiga kundi la inchi 0.009 kwa yadi 100, na rekodi hiyo ilikaa takriban miaka 40. Ukifika kwenye vipimo vya namna hiyo, utando wa mafuta tu ndani ya mtutu unaonekana kwenye karatasi. Kwa hiyo shabaha ya usafi ni kuurudisha mtutu kwenye hali ileile kila mara. Mtutu unaong'aa leo na wenye masizi kesho utakupa makundi mawili tofauti, na hutajua ulaumu upepo au fimbo yako.

Andaa hivi kwanza

- Fimbo ya kipande kimoja, ya chuma cha pua au iliyovikwa plastiki ngumu, yenye mpini unaozunguka wenyewe kwa beringi. Fimbo za vipande vinavyoungwa kwa skrubu waachie wengine: kila kiungo kina ukingo, na kila ukingo unakwaruza.
- Bomba la kuongozea fimbo, linaloingia mahali pa boliti hadi kwenye chemba. Liwe la bunduki yako, si la "saizi zote".
- Kichwa cha kusukumia kitambaa kinacholingana na kipenyo chako. Chagua cha nikeli, alumini au chuma cha pua. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.
- Brashi za bronzi za kipenyo sahihi, kadhaa, kwa maana zinaisha. Kwa .22 ongeza brashi ya nailoni.
- Vitambaa vya pamba vilivyokatwa kwa saizi moja.
- Dawa ya masizi, dawa ya shaba, mafuta mepesi ya bunduki na grisi ya boliti.
- Kijiti chenye pamba au sufi cha kukaushia chemba, na vijiti vya pamba vya masikio.
- Kishikilio kinachoibana bunduki isitikisike.
- Lenzi ya kukuzia. Kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya mtutu ni nzuri sana, lakini mwanzoni si lazima. Wenye kamera hupoteza usingizi kwa kila doa wanaloliona.
- Daftari.
- Glavu, miwani, na chumba chenye hewa.

Onyo la kemikali kabla hujafungua chupa: dawa nyingi za shaba zina amonia. Usiziweke karibu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Usichanganye dawa mbili ndani ya mtutu pia. Ukitaka kubadilisha, kausha ya kwanza kabisa. Na ukisikia ushauri wa kuyeyusha madini ya risasi kwa siki na haidrojeni peroksaidi, uache upite. Mchanganyiko huo hutengeneza chumvi ya risasi ambayo ni sumu, na chuma chenyewe hautakihurumia.

Kazi yenyewe

1. Hakikisha bunduki ni tupu. Fungua boliti, chungulia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Toa boliti nje. Ondoa risasi zote mezani, hata zile ambazo "hazina shida hapo". Angalia mwanga unapita kutoka nyuma hadi mdomoni.

2. Funga bunduki kwenye kishikilio, mdomo ukiwa chini kidogo kuliko nyuma. Dawa lazima itiririke kuelekea mdomoni. Ikirudi nyuma huingia kwenye triga, na triga nyepesi za mashindano hazivumilii dawa iliyokauka ndani yake. Triga inayokataa kushika asubuhi ya mashindano mara nyingi ililoweshwa usiku uliotangulia.

3. Ingiza bomba la kuongozea fimbo hadi likae. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua maisha ya mtutu wako.

Sehemu nyeti kuliko zote katika mtutu ni koo, yaani pale mifereji (mistari ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu) inapoanzia mbele ya chemba. Kichwa cha risasi kinaingia mifereji hapo, na kikiingia kimepinda kitatoka kimepinda. Fimbo isiyo na kiongozi hujikunja kidogo unapoisukuma, na tumbo lake hulala juu ya koo upande mmoja, kila safari, mamia ya safari kwa msimu. Matokeo ni koo lililolika upande mmoja. Hakuna dawa ya kulirudisha. Fundi ataufupisha mtutu upande wa nyuma na kuchonga chemba upya, au utanunua mwingine.

Bomba zuri lina ncha inayoziba chemba kwa mpira mdogo. Fimbo ikipita ndani yake haichezi zaidi ya nywele, na dawa hairudi nyuma. Bomba la bei ndogo linalocheza kila upande linakupa faraja tu.

Futa fimbo kwa kitambaa safi kabla ya kila safari. Punje ya mchanga iliyonasa juu ya plastiki ya fimbo ni msasa.

4. Pitisha vitambaa viwili au vitatu vilivyolowa dawa ya masizi. Sukuma kutoka nyuma hadi kitambaa kitokee mdomoni, kiondoe hapo, kisha rudisha fimbo taratibu. Kamwe usirudishe kitambaa kichafu ndani: umehangaika kuutoa uchafu, sasa unaupeleka kwenye chemba. Vitambaa hivi vya kwanza hubeba uchafu mlegevu ambao brashi ingeusaga humo ndani.

Ukisukuma, sukuma kwa mwendo mmoja. Ukihisi fimbo inapinda, kitambaa ni kikubwa mno. Punguza kitambaa, acha kuongeza nguvu.

5. Brashi. Idondoshee dawa kwa matone. Usiichovye ndani ya chupa, maana utakuwa unarudisha masizi ya jana kwenye dawa ya kesho. Sukuma brashi hadi itoke yote mdomoni, kisha irudishe taratibu. Hiyo ni safari moja. Kwa bunduki ya kasi kubwa, kanuni ya wengi ni safari moja kwa kila risasi uliyopiga tangu ulipoosha mara ya mwisho, na ukifika kumi inatosha kwa kawaida.

Usigeuze brashi ya bronzi ikiwa katikati ya mtutu. Nywele zake zimelala kuelekea nyuma. Ukigeuza ghafla zinajikunja na kukwama, na wewe unaanza kutafuta nyundo.

Kuna ubishi wa miaka mingi kama brashi irudishwe kupitia mdomoni au ifunguliwe kwenye fimbo kila ikitokea. Rai yangu ni hii: bronzi ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo nywele zenyewe hazitaudhuru mdomo. Kinachodhuru ni shingo ya chuma ya brashi, au fimbo yenyewe, ikidondoka juu ya ukingo wakati brashi iko nje. Ukiweza kuirudisha huku fimbo imenyooka katikati, irudishe. Mkono wako bado una haraka? Ifungue. Sekunde chache hizo hazijamnyima mtu medali.

Kwa .22, weka brashi ya bronzi mbali na ratiba ya kila siku. Madini ya risasi na nta ya vichwa vyake hutoka kwa vitambaa na nailoni. Bronzi ni ya siku ambayo koo limekataa kusafika.

6. Acha dawa ifanye kazi, kisha soma vitambaa. Muda umeandikwa kwenye chupa. Kwa kawaida ni dakika chache. Pitisha vitambaa vyenye dawa mpya na uangalie rangi. Nyeusi au kijivu ni masizi ya baruti. Buluu au kijani ni shaba iliyobanduka kwenye magamba ya vichwa vya risasi.

Sasa ile sababu ya kichwa cha nikeli. Brasi na bronzi zote zina shaba ndani yake. Ukitumia kichwa cha brasi, dawa itakila chenyewe na kitambaa kitatoka buluu hadi kiyama huku mtutu ni msafi tangu saa iliyopita. Mabaki ya brashi ya bronzi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo pitisha kitambaa kimoja cha kuyatoa kabla hujaanza kusoma rangi. Nadhani nusu ya maswali ya buluu isiyoisha yanaishia hapa.

7. Dawa ya shaba, ikihitajika tu. Mitutu bora ya mezani imesuguliwa ndani kwa mkono na mtengenezaji na hukamata shaba kidogo sana. Ikiwa kitambaa cha hatua ya 6 kina buluu hafifu ukingoni, endelea mbele. Ikiwa buluu ni nzito, kausha dawa ya masizi yote, pitisha dawa ya shaba, subiri muda wa chupa, toa. Usiiache ilale usiku kucha ndani ya mtutu kwa kuwa "itafanya kazi zaidi". Wenye .22 ya vichwa visivyovikwa shaba hawana kazi hapa.

8. Pete ya masizi kooni. Mbele tu ya mahali mdomo wa ganda (kikopo cha risasi chenye baruti) unapokaa, masizi hujijenga kuwa pete ngumu ya kijivu. Brashi ya kawaida huipita juu juu. Pete ikinenepa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka sawasawa, shinikizo hupanda, boliti inakuwa nzito kuinua kwa risasi ileile uliyoizoea. Kwa .22 hukaa mwishoni mwa chemba, na utaihisi risasi ikigoma kidogo kuingia.

Iloweshe kwa dawa ya masizi. Kisha zungusha brashi ya nailoni papo hapo kwa mkono. Isipotoka, funga kitambaa kwenye kichwa cha fimbo, kipake pasta laini ya kusugulia kidogo sana, na uisugue pete kwa misuguo mifupi ya inchi moja au mbili kupitia bomba. Kurudi nyuma na mbele kunaruhusiwa hapa kwa kuwa ni kitambaa. Pasta ni msasa mlaini: ni ya mara chache, isifike mdomoni, na ioshwe yote.

9. Kausha kila kitu. Vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke kama kilivyoingia. Toa bomba, kausha chemba kwa kijiti cha pamba, kisha fika hadi kwenye uchochoro ambamo meno ya boliti hufungia; dawa hupenda kujificha humo. Chemba yenye mafuta ni hatari. Ganda linalopaswa kujishikilia kwenye kuta zake linateleza, na nguvu yote inaiangukia boliti.

10. Boliti. Futa grisi ya zamani pamoja na vumbi lake. Paka mpya, filamu nyembamba tu, nyuma ya meno na kwenye mteremko unaobana springi ya pini. Uso wa boliti ubaki mkavu.

11. Mdomo. Futa kwa kitambaa laini, ukague kwa lenzi. Chukua kijiti cha pamba, kizungushe polepole kutoka ndani kwenda nje kwenye ukingo wa tundu. Pamba ikinasa mahali, kuna jino la chuma. Usiliguse kwa tupa wala kwa msasa, mpe fundi. Masizi yanayochora nyota sawasawa kuzunguka tundu ni dalili njema, usiyasugue kwa nguvu.

12. Kuhifadhi. Ukirudi uwanjani kesho na hewa ni kavu, uache mkavu. Zaidi ya hapo pitisha kitambaa kimoja chenye mafuta mepesi. Chuma cha pua nacho hushika kutu, polepole tu. Kabla ya kupiga tena, toa mafuta yote kwa vitambaa vikavu.

13. Risasi za kuchafulia. Mtutu uliooshwa haupigi mahali pamoja na uliokwisha kupiga. Bunduki ya kasi kubwa hutulia kwa risasi moja hadi tatu. .22 inataka nyingi zaidi, kwa sababu lazima nta yake ijipake upya urefu wote wa mtutu. Mingine inakunywa kumi na zaidi. Pigia kwenye karatasi ya majaribio na uandike ya ngapi ndiyo iliyoanza kuingia kundini. Namba hiyo ni ya mtutu wako peke yake.

Mara ngapi?

6 PPC na ndugu zake: kila baada ya risasi 10 hadi 20, kwa maneno mengine karibu kila baada ya zamu ya mashindano. Baruti inayoacha masizi magumu haingoji. .22: hapa watu hupigana. Wapo wanaoosha kila kikao, wapo wanaongoja makundi yafunguke. Mimi niko na wanaosafisha koo na chemba kila kikao na kuuacha mtutu uliobaki hadi karatasi iseme, kwa kuwa pete ya masizi haina faida hata siku moja, ilhali nta iliyotulia inayo.

Mtutu mpya? Piga risasi moja, osha, angalia shaba. Rudia. Buluu ikipungua na kubaki hapohapo, umemaliza, hata kama ni risasi ya nne. Ratiba ndefu za "kuulainisha" zinakula mtutu ambao maisha yake ya ushindani, kwa 6 PPC, ni jambo la risasi elfu moja na ushei au elfu mbili.

Mambo yakienda kombo

*Risasi ya kwanza inaruka mbali, zinazofuata zinakaa.* Mafuta au dawa imebaki. Ongeza vitambaa vikavu kabla ya kupiga. Ikiendelea, ndiyo tabia ya mtutu huo. Ihesabu kama risasi ya kuchafulia.

*Makundi yamefunguka baada ya kuosha.* Kwa .22, piga kwanza, lalamika baadaye. Kwa nyingine, kabla ya kuushuku mtutu, kagua skrubu za kitako na za darubini kwa spana ya kipimo. Bunduki hutikiswa sana kwenye kishikilio, na skrubu iliyolegea huiga mtutu mbovu vizuri mno.

*Kitambaa kimekwama.* Usigonge. Vuta fimbo nyuma ikiwa bado imekishika. Ikigoma, dondosha mafuta yapenyayo kutoka mdomoni, subiri, jaribu tena kwa mkono. Isipotoka mpelekee fundi.

*Brashi inajifungua kwenye fimbo.* Mpini hauzunguki. Safisha beringi yake. Brashi isiyofuata mzunguko wa mifereji inaruka juu yake badala ya kuingia ndani.

*Buluu haiishi, na kichwa si cha brasi.* Tazama kwa kamera, au mwombe mwenye nayo. Ikiwa shaba imekaa karibu na mdomo tu, dawa ya shaba mara mbili itaimaliza. Ikiwa inarudi nzito baada ya risasi chache kila mara, ndani kuna mkwaruzo au uso umechakaa.

*Kamera inaonyesha nyufa kama tope lililokauka mbele ya koo.* Hiyo ni kazi ya moto wa baruti, na kila mtutu wa kasi kubwa huipata, mwingine baada ya risasi mia chache tu. Usiutupe kwa picha. Utupe kwa karatasi.

*Karatasi imesema.* Umeosha, koo halina pete, skrubu zimekazwa, na bado makundi ni makubwa. Jaribu darubini nyingine unayoiamini, kisha risasi zilizothibitishwa kwenye bunduki nyingine ya aina hiyo. Zikishindwa zote mbili, chukua daftari lako lenye idadi ya risasi na tarehe za kuosha, umpelekee fundi pamoja na bunduki. Ataanza na mdomo, kwa kuwa kuukata upya ni kazi ndogo. Akishindwa hapo atapima koo, akuambie kama urefu uliobaki unatosha kuchongewa chemba mpya.